Umeokoka, Lakini Wanaokudai Bado Wapo

Katika darasa la waongofu wapya, swali linalokuja mapema kuliko yote ni hili: "Mwalimu, nimeokoka, sasa nifanye nini?" Anayeuliza huwa anategemea kuambiwa habari za kusoma Biblia, kuomba alfajiri, kuacha bia na kutokosa ibada ya katikati ya wiki. Hayo yote tunayafikia. Lakini mimi kwanza humrudishia swali: nani anakudai? Nani ulimuumiza, na leo yuko wapi?

Nimelifundisha darasa hili miaka mingi, Jumamosi jioni, kwenye kanisa letu la Kianglikana pembezoni mwa jiji la Dodoma. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kabla ya yote nilikuwa mtoto wa katekista wa Mvumi. Nimewaona wengi wakiongoka. Wengine wamesimama mpaka leo, wengine walirudi nyuma kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Nilichojifunza kwa kuwatazama, na ninachokiamini kwa moyo wote, ni kwamba mtu anapomgeukia Mungu kweli kweli, badiliko lake huwafikia mapema wale aliowadhulumu. Kama hao hawajasikia chochote, hata kanisa zima likishangilia, kuna kazi imebaki.

Niweke msingi kwanza, kwa sababu hapa ndipo wengi hukwazika. Kurudisha mali za watu hakumwokoi mtu. Paulo anawaambia Waefeso kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Halafu papo hapo anaongeza kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Ibara ya 12 katika zile Ibara 39 za Kanisa la Uingereza, zilizokamilishwa mwaka 1571, inasema jambo hilohilo: matendo mema hayawezi kutuondolea dhambi, lakini ni lazima yatoke katika imani iliyo hai, hata imani hiyo ikajulikana kwayo kama mti unavyojulikana kwa matunda yake. Mtazame Zakayo, mtoza ushuru tajiri wa Yeriko, katika Luka 19. Yesu alimwita ashuke kabla hajarudisha hata senti moja. Alipokwisha kupokelewa ndipo aliposimama akasema nusu ya mali yake anawapa maskini, na ikiwa amemnyang'anya mtu kwa hila anamrudishia mara nne. Ukianza na kulipa, unawatwisha watu mzigo usio na injili. Ukiishia kwenye kuitwa, unawaacha watu wa Yeriko na hasara yao.

Mambo haya niliyakuta nyumbani. Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulipita Uganda na Bukoba ukafika mpaka huku Ugogo, na kizazi cha baba yangu kililelewa ndani yake. Waliitana ndugu. Desturi yao ilikuwa kwamba mtu akiguswa na Roho haishii kulia kanisani, anakwenda kutengeneza. Nikiwa bado msichana mdogo, asubuhi moja jua halijapanda, mzee mmoja alifika uani kwetu. Akasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Mama akamwitikia. Alikuwa ameshika jembe, limeviringishwa kwenye gunia. Akamwambia baba: jembe hili nililichukua shambani kwako mwaka ule wa njaa, nimelilimia mpaka limelika, mpini nimeweka mpya, naomba unisamehe. Baba alilipokea, akapitisha kidole kwenye makali yaliyolika, akasema, "Nilijua ni wewe." Mama akaleta uji wa uwele. Wakanywa, wakaimba Tukutendereza, ule wimbo wa Kiganda ambao ndugu wote waliuimba, wanaokijua Kiganda na wasiokijua. Nimesikia mahubiri mengi ya toba tangu siku ile, na bado ule mpini mpya ndio unaonijia kwanza. Aliyeiba jembe alilirudisha likiwa tayari kwa kulimia.

Wazee walipenda pia kusimulia habari za Festo Kivengere, mtu wa Kigezi, Uganda, aliyekuja Dodoma miaka ya 1940 kufundisha shule ya Alliance, ile iliyokuja kuitwa Mazengo, mahali ambapo leo pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Baadaye alikuwa askofu na mhubiri aliyejulikana mbali. Lakini alipookoka, katika mambo ya mwanzo kabisa aliyoyafanya ni kupanda baiskeli, akasafiri mwendo mrefu kwenda kumwomba radhi Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia. Hakuwa amemwibia kitu. Alikuwa amemchukia tu, na hilo nalo alilihesabu kuwa deni.

Leo naona tumezihamishia nguvu zetu kwenye mambo mepesi. Mtu akiokoka, wiki ya kwanza anabadili mavazi, anavua hereni, anafuta nyimbo za zamani kwenye simu, na ukimpigia anapokea kwa "Bwana Yesu asifiwe". Sina neno na hayo, mengine nayashika mwenyewe mpaka leo. Ila hayo hayamrejeshei mtu chochote alichopoteza. Ubatizo ni amri ya Bwana, na katika Matendo 2 haukucheleweshwa: waliolipokea neno walibatizwa, wakaongezeka siku ile watu wapata 3,000, wakawa wakidumu katika fundisho la mitume, ushirika, kuumega mkate na kusali. Sisi tunamwagia maji kichwani, jirani zetu Wapentekoste wanazamisha, na katika Dodoma hii yenye msimu mmoja wa mvua najua wapo wanaonunua maji ya boza ili kujaza kisima cha ubatizo. Siingii katika ugomvi wa maji. Kinachonihuzunisha ni kuona tunaulizana maji yalikuwa kiasi gani, na hatuulizani hata mara moja madeni ni kiasi gani.

Yohana Mbatizaji alidai matunda yapatanayo na toba, na watu walipomuuliza wafanye nini, kila mmoja alimjibu kwa kazi yake. Mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya alivyoamriwa. Askari asidhulumu mtu, atosheke na mshahara wake. Aligusa palepale ambapo mkono wa mtu ulizoea kukosea. Ndiyo sababu darasani kwetu kila mmoja anaulizwa habari za kazi yake. Muuza nafaka wa soko la Majengo anaulizwa kama kitako cha sado yake kimebonyezwa. Anayezunguka vijijini kununua mazao anaulizwa habari za lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo. Fundi cherehani anaulizwa vitambaa vya watu vilivyobaki viko wapi. Mwanachama wa kikoba anaulizwa marejesho.

Dada mmoja alitujibu kwamba Mungu amekwisha kumsamehe yote, kwa hiyo mkopo wa kikoba ni mambo ya maisha ya kale. Wakati huohuo wanawake waliomdhamini walikuwa wanakatwa akiba zao kwa ajili yake. Nilimfungulia waraka kwa Filemoni. Onesimo, mtumwa wa Filemoni, aliongoka, Paulo akamwita mwanangu, na bado Paulo alimrudisha kwa Filemoni; na habari za hasara akaandika kwamba kama anawiwa kitu, "ukiandike hicho juu yangu". Hakusema deni limefutika kwa kuwa kijana ameokoka. Alitafuta wa kulilipa. Yule dada alisoma mstari ule taratibu, akafunga Biblia, na Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi ya makubaliano aliyoandikiana na katibu wa kikundi.

Sasa nina neno kwa makanisa, na hili nalisema kwa uchungu. Mama mmoja wa Chang'ombe alikuwa akipika pombe ya uwele. Pombe ile ndiyo iliyosomesha watoto wake na kulipa kodi ya chumba. Aliokoka kwenye mkutano wa injili, na waliompokea mwanzo walimwambia amwage yote siku hiyohiyo. Akamwaga. Wakapiga vigelegele. Shule zilipofunguliwa, madai ya michango, kodi na unga vilimkuta mikono mitupu, na waliopiga vigelegele hakuna aliyemgongea mlango. Alipokuja kwetu alikuwa hawezi kunitazama usoni, maana alishaanza tena kupika usiku. Nawaambia ninyi wachungaji na wazee wenzangu, mama yule hakuwa mnafiki. Alikuwa na watoto wenye njaa.

Tulikaa naye tukamuuliza anajua nini. Akasema anajua kimea. Anajua kuloweka uwele, kuutandaza juu ya gunia lenye unyevu mpaka uchipue, kuuanika, kuusaga. Anajua kwa kunusa tu kama kimekaa sawa au kimeharibika. Mama mmoja wa darasa letu akauliza, "Kwa nini usipike togwa?" Ujuzi ni uleule: unapika uji, unaacha upoe mpaka kidole kivumilie, unatia kimea, unafunika, na kesho yake asubuhi kinywaji ni kitamu na bado hakijawa pombe, mradi uuze siku hiyohiyo. Tukachanga tukamnunulia ndoo za plastiki zenye mifuniko na gunia la uwele la kuanzia. Alianza kupeleka kwenye majengo yanayojengwa, kwa vibarua walewale waliokuwa wanakunywa kwake jioni. Paulo anaposema katika Waefeso 4:28 mwibaji asiibe tena, anamwelekeza papo hapo afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Kanisa linalodai tunda lisaidie kumwagilia. Kama halina ndoo hata moja ya kutoa, lipunguze kelele.

Mama yule alifanya na jambo jingine ambalo sikumwagiza. Alikwenda kwa mwanamke ambaye mumewe alikuwa akiacha ujira wote wa wiki kwenye pombe yake. Akamwambia, "Dada, nilikuwa najua ni hela ya watoto wako, nikapokea. Nisamehe." Walikuwa wakipishana kisimani bila salamu. Sijui yote waliyozungumza, lakini leo wanachota maji pamoja na kutunziana watoto.

Kuna matendo mengine yanadaiwa kwa jina la wokovu ambayo mimi nayakataa kabisa. Mzee mmoja kutoka upande wa Bahi, mfugaji, mwenye wake wawili, aliongoka akiwa mtu mzima. Watu wakamshauri amfukuze mke mdogo ili awe safi. Nalijua chimbuko la ushauri huo. Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1888, mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe mpaka aachane na hali hiyo. Katika Ugogo, kama kwingineko Afrika, uamuzi huo ulimaanisha kwamba toba ya mume italipwa na mwanamke asiye na hatia: anarudishwa kwao, ng'ombe za mahari zinaleta ugomvi kati ya koo mbili, na watoto wanabaki katikati. Ilichukua miaka 100. Lambeth ya mwaka 1988 ilikubali kwamba mtu wa namna hiyo apokelewe pamoja na wake zake na watoto wake wanaoamini, kwa ridhaa ya kanisa la mahali pale, akiahidi kutooa tena maadamu yeyote kati ya wake zake yu hai. Na asilazimishwe kumwacha mke yeyote, kwa sababu ya hasara ambayo mwanamke huyo angeipata. Naamini ndoa ya mume mmoja na mke mmoja, na vijana wetu nawafundisha hivyo bila kumung'unya. Lakini yule mzee alipotuuliza, nilimuuliza na mimi: Mama huyu amekukosea nini? Akasema hajamkosea kitu. Nikamwambia basi anza kwa kumtendea haki, maana tunajua nyumba moja inakula ugali wa mtama na nyama, na nyingine inakula mlenda mtupu. Tunda la toba yake lilikuwa kugawa maziwa sawa kwa nyumba zote mbili, na kuwapeleka shule watoto wa mke mdogo. Hilo lilimgharimu. Kumfukuza yule mama kungemgharimu mama.

Hata kukiri kuna mpaka wake. Ndugu wa zamani walikiri hadharani, lakini wenye busara kati yao walikuwa na kanuni: dhambi yako ni yako, usimtaje mwenzako. Nimesikia kijana akisimama kanisani kushuhudia uzinzi wake na kumtaja mwanamke kwa jina, na mwanamke huyo ana mume na wakwe palepale mtaani. Yeye alishuka madhabahuni mwepesi, mwenzake akapigwa usiku uleule. Tangu hapo nasisitiza kwamba ungamo liishie pale kosa lilipofika: lililo kati yako na Mungu liseme kwa Mungu, lililo kati yako na mtu mmoja liseme kwa mtu huyo, na lililovuruga watu wote liseme mbele ya wote. Ndivyo pia na kuchoma vitu vya uganga. Waefeso katika Matendo 19 walichoma vitabu vyao wenyewe, vya thamani ya vipande vya fedha 50,000. Vilikuwa mali yao. Kijana anayechukua tunguri za babu yake akazichoma babu akiwa kisimani anaongeza kosa la wizi, na tena anaufungia ukoo mzima mlango wa kusikia.

Yapo ya kurudisha ambayo yanachukua maisha yote ya mtu. Miaka michache kabla ya ule uhakiki mkubwa wa vyeti, alikuja darasani mtumishi mmoja wa umma aliyekuwa ameajiriwa kwa cheti cha ndugu yake. Kila alipoitwa kazini, aliitwa jina lisilo lake; mpaka fulana ya michezo ilikuwa na jina la ndugu yake. Tulizungumza jioni nyingi. Nilimwambia ukweli: ukijisema unaweza kushtakiwa, na mimi siwezi kukulinda. Alimwambia mkewe kwanza, wakauza ng'ombe wakaweka akiba ya chakula, ndipo akaandika barua kwa mwajiri akaeleza yote na kuacha kazi. Aprili 2017, hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa orodha ya watumishi zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi, watu walimfuata wakamwambia, "Wewe uliona mbali." Akawajibu kwamba hakuona chochote, alikuwa amechoka kuitikia jina la mtu mwingine kila asubuhi halafu Jumapili anaitika jina lake mbele za Mungu. Leo ana shamba la zabibu upande wa Hombolo. Msimu mmoja akivuna vizuri, msimu mwingine bei inaanguka. Sijamsikia akijutia.

Jambo linalonishughulisha sasa hivi ni la dalali wa viwanja. Wanaoifahamu Dodoma wanajua kilichotokea Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba inahamia huku. Maeneo ambayo watu walikuwa wanalisha mbuzi, kuanzia Ihumwa mpaka Mtumba, yakawa dhahabu. Na palipo na dhahabu, karatasi za uongo hazikosi. Ndugu huyu, kabla ya kuongoka, aliuza kiwanja kimoja kwa watu wawili. Wa kwanza alijenga. Wa pili, fundi magari, Mwislamu, alibaki na karatasi ya mauziano na hasara ya shilingi milioni 3. Alizunguka kwenye ofisi na mabaraza mpaka akachoka akaacha.

Dalali alipotueleza, darasa liligawanyika, na nakiri hili ni gumu. Mmoja alisema arudishe milioni 3 alizopokea, yaishe. Mwingine akafungua Walawi 6, sheria ya aliyemdhulumu jirani yake: arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Hiyo ni milioni 3 na laki 6. Wa tatu, kijana mhasibu, akasema hesabu hiyo bado haijatosha, kwa sababu kiwanja kama kile kwa bei ya leo ni mara nyingi ya milioni 3. Akimpa milioni 3 na laki 6, yule fundi hawezi kununua hata nusu yake, na miaka yake ya kupanga chumba nani atamlipa? Hapo mtu akamtaja Zakayo na mara nne zake. Dalali alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, ameinama, na jasho linamtoka.

Nilichowaambia ni kwamba Zakayo hakuambiwa kiasi na mtu. Sheria katika Kutoka 22 ilitaja kondoo wanne kwa mmoja aliyeibwa na kuchinjwa au kuuzwa. Kwa anayekiri mwenyewe, Hesabu 5 inataja sehemu ya tano tu. Zakayo alikiri mwenyewe, akachagua kipimo kizito. Kwa hiyo darasa haliwezi kumpangia ndugu huyu kiwango, ila lipo jambo ambalo hana uhuru nalo: hawezi kukaa na sisi akaamua peke yake nini kinamtosha aliyedhulumiwa. Aende amuulize.

Akaenda. Mimi na mzee mmoja wa kanisa tulimsindikiza, kwa sababu aliogopa, na tena kwa sababu Wakristo tusiwaachie waongofu wapya njia ngumu waitembee wenyewe. Tulimkuta fundi chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Alipotoka na kumtambua, alishika spana kwa muda mrefu bila kusema. Dalali akasema alichokuja kusema, bila kuzunguka: nilijua kiwanja kimeshauzwa, nikakuuzia, hela nilikula, sikuja kwa kuwa nimefungwa, nimekuja kwa kuwa nimeokoka, na nataka uniambie nikulipe nini. Fundi hakuguswa na habari za kuokoka. Alisema, "Mambo ya dini yako ni yako. Mimi nataka kiwanja." Kisha akataja maneno makali, ambayo alikuwa na haki ya kuyataja, na dalali hakujitetea. Nilikuwa nimemwambia njiani asijitetee, na asimwombe atamke msamaha pale pale. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa, haudaiwi.

Walifikia makubaliano baadaye, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kwa maandishi na mashahidi. Dalali aliuza pikipiki yake, akatoa milioni 2 za kutangulia. Iliyobaki ni bei ya kiwanja kidogo upande wa Nala, ambacho fundi alikwenda kukikagua mwenyewe, akahakiki wamiliki kwa majirani na ofisini kabla ya kukubali. Siku ya kukabidhi zile milioni 2 alizihesabu, akazihesabu tena, akamkabidhi mwanawe naye azihesabu. Akasaini. Hakutoa mkono.

Darasani wapo walioumia kusikia hivyo. Walitamani aseme kwamba sasa anauamini wokovu wa dalali, au hata kwamba anataka kusikia habari za Yesu. Niliwaambia tusimfanye mtu aliyeibiwa kuwa pambo la ushuhuda wetu. Anachodai ni kiwanja, na mpaka kiwanja kipatikane hatuna la kumhubiria. Dalali amebatizwa Pasaka iliyopita. Ameacha udalali wa peke yake, anafanya kazi kwa kampuni ya upimaji, anabeba vigingi na kamba, na kila mwisho wa mwezi anapitia gereji na bahasha. Mwezi uliopita fundi alimwambia aache kuzileta mkononi, awe anatuma kwa simu ili kumbukumbu zibaki. Dalali alikuja kuniuliza kama huko ni kukataliwa. Nikamwambia tuma kwa simu, na gharama za kutolea ulipe wewe.